Kisu cha Kuomba

Furaha alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimeinama juu ya beseni la nguo, akasema "Docta," halafu tena, "Docta." Nikajua. Mama yake, Maman Nabintu, alikuwa anasumbuliwa na moyo tangu mvua zilipoanza, na mara ya mwisho nilipokwenda kumwona kwake Miti nilimkuta amejilaza, analalamika kwamba sombe, kile kisamvu cha kwetu, ya wakaza wanawe haina chumvi. "Maman ametuacha," Furaha akasema, "na Papa anaomba usikose." Nikamjibu kwamba nisingekosa hata kama barabara ya Kavumu ingegeuka tope tupu. Nikaacha nguo ndani ya maji, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, nikalia kama mtoto. Kesho yake, chini ya turubai la matanga, niliwekwa mstari wa mbele kwenye kiti chenye mto, na wanawake wa pale walikuja mmoja mmoja kunishika mkono na kunishukuru kwa namna iliyozidi kipimo. Sikuelewa wananishukuru nini. Nilikaa tu pale na mkoba wangu mapajani, nikaukumbuka mwaka ule ambao nimezoea kuuruka kila ninapowasimulia wanafunzi wangu maisha yangu. Nawaambia nilisoma, nikatetea tasnifu, nikapata kazi ya kufundisha. Ule mwaka wenyewe nauruka kama mtu anavyoruka mtaro wa maji machafu, gauni mkononi.

Habari za kwetu Uvira sitaziingiza hapa, zina wenyewe. Itoshe kusema kwamba sisi ni Waislamu, watu wa duka na vitambaa, na kwamba nilipokubaliwa Bukavu kwenye masomo ya juu ya utafiti wa afya ya akili, baba aliwaambia wateja wake kuwa binti yake Zena anasomea udaktari. Sikumsahihisha. Nilipanga chumba mtaa wa Kadutu, katika nyumba ya mbao iliyobandikwa kurasa za magazeti ya zamani ukutani ili upepo usipite, na maneno ya majirani yalipita vizuri sana. Jioni moja, nikiwa napepea makaa, nilisikia wanawake wawili upande wa pili wakinizungumza.

"Ule mutoto ya Uvira anaendaka wapi kila siku?"

"Kule juu, kwa bawazimu."

"Yezu! Na vile angali kijana! Anagonjwa?"

"Hapana, anasoma."

"Anasomea wazimu? Kuna diplome ya wazimu?"

"Hii Congo yetu kuna diplome ya kila kitu!"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi sikucheka. Kuanzia siku iliyofuata nilivaa bluzi yangu nyeupe, ile ya watu wa hospitali, tangu nyumbani. Wenzangu waliivaa walipofika kazini. Mimi niliivaa chumbani, nikashuka nayo mtaani, nikapanda nayo teksi, nikapanda nayo mlima mpaka getini, vifungo vyote vimefungwa hata jua likiwaka, ili mtu yeyote atakayeniona naingia mahali pale ajue kwamba mimi si wa kulazwa. Kichwani nilikuwa na vitabu vinavyoeleza jinsi haya inavyowazuia watu kutafuta matibabu. Ningeweza kukutajia kurasa. Na mwilini nilikuwa na bluzi.

Utafiti wangu ulihusu garde-malade. Msomaji wa mbali pengine hajui: kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na mtu wake wa kumpikia, kumfulia, kulala chini ya kitanda chake na kukimbia kutafuta dawa. Mtu huyo ndiye garde-malade, na asipokuwepo hakuna anayejua la kufanya na mgonjwa. Nilitaka kujua mzigo huo unawafanya nini wanaoubeba, hasa wale wanaomtunza mtu aliyeharibikiwa akili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku zangu niliipitisha uwanjani nyuma ya mabweni, mahali pa kupikia, kwenye moshi, nikiwauliza wanawake maswali wakati wanageuza bugali, yaani ugali. Huko ndiko nilikokutana na Maman Nabintu. Alikuwa ametoka Miti na mdogo wake Deo, aliyekuwa anakimbizwa na sauti za watu wasiokuwepo. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, na aliyekuwa na neno juu ya kila kitu: kuni mbichi, sambaza, dagaa wa ziwani, ndogo mno, Profesa wangu aliyepita mara moja akiwa ameziba pua.

Kitu kilichomkera kuliko vyote ni visu. Pale hospitalini visu vya kupikia vilikaa kwa mlinzi wa geti, kwa sababu zinazoeleweka. Kila asubuhi garde-malade walipanga mstari kuomba visu vyao wenyewe. Mlinzi alimtazama kila mmoja machoni kwanza, kama anayempima, ndipo akampa, na mchana walivirudisha. "Mimi nazaa, nalima, nazika batu," Maman Nabintu alisema, "na leo natazamwa macho juu ya kukata vitunguu! Siku nitarudia kwangu, nitaingia jikoni, nitakamata kisu yangu, bila kuomba mutu." Alilisema hilo karibu kila siku, na wenzake walimwitikia kama kanisani.

Katika dodoso langu kulikuwa na swali: je, unaona haya kwa sababu ya mgonjwa wako? Majibu yalikuwa matatu: hapana, mara moja moja, kila siku. Nililitafsiri mwenyewe kutoka Kifaransa na nilijivunia tafsiri hiyo. Nilipomsomea, aliendelea kupuliza moto.

"Haya?" akasema mwishowe. "Nikipata muda nitaona haya. Sasa moto umezimika."

"Maman, nichague jibu lipi?"

"Chagua ile itakupatia diplome, mwana wangu."

Nilichagua "hapana", nikacheka naye. Tangu siku ile akawa ananitolea sahani. Nilikula kwake sombe iliyotwangwa na nyanya, na bugali wa muhogo unaonata vidoleni, nimechuchumaa na bluzi yangu imepandishwa isiguse majivu. Alinifundisha jina la kila aliyekuwa pale na ugomvi wake na shemeji yake. Nadhani ndio wakati wa furaha zaidi katika masomo yangu yote, na ningetaka kubaki nao hapa kurasa nyingi, maana najua kinachofuata.

Ikaja Ramadhani. Nilifunga kama kawaida, lakini usingizi uliniacha. Mwanzoni nilifurahi: niliandika, nikafuta, nikaandika tena, mawazo yalikuja kwa kasi kuliko kalamu. Nilianza kuona kwamba tasnifu yangu haikuwa ya garde-malade peke yao, ilikuwa ya Congo nzima, na kwamba Profesa hataielewa ila nikimweleza polepole. Nilimweleza. Aliniambia nina ari. Watu wote niliokuwa nao Bukavu walikuwa Wakatoliki, na kila mmoja aliyeona nimekonda, macho mekundu, maneno mengi, alisema kwa heshima, "Huyu anafunga." Idi ikapita. Sikurudi kula. Wakasema, "Bado anafunga." Mimi mwenyewe nilisema hivyo, maana kuna funga ya siku sita za kuongeza baada ya Idi, na baada ya hizo nilijiongezea zangu. Dini yangu, masikini, ikawa pazia. Kadutu nzima ilinisifu kwa uchaji Mungu, na mimi nilikuwa naumwa.

Aliyeuliza alikuwa mmoja.

"Docta, ile sikukuu yenu haikupita? Tuliona batoto na nguo za mupya."

"Ilipita, Maman."

"Na juu ya nini haukule?"

"Kuna funga ya nyongeza."

"Nyongeza? Umebaki mufupa tu, itaongezewa wapi?"

Nilimkemea. Nilimwambia kwamba yeye ni mhojiwa na mimi ni mtafiti, na kuna mipaka. Akaninyamazia, na hilo kwake lilikuwa jambo gumu.

Asubuhi moja, baada ya siku chache, nilifika getini na bluzi yangu, nikamwamuru mlinzi afungue mageti yote mawili, kwa kuwa wagonjwa wote wamepona na nina matokeo yanayothibitisha. Akafungua. Kwa nini asifungue? Nilikuwa nimevaa nyeupe. Wagonjwa kadhaa wakatoka, mama mmoja akafika barabarani na sufuria kichwani, na mimi nikapanda juu ya jiwe la kufulia nikawahutubia, nikagawa viatu vyangu, nikagawa saa yangu, nikaimba. Sikumbuki niliimba nini, na namshukuru Mungu. Ninachokumbuka ni uso wa mlinzi pale alipoelewa. Hakukasirika. Alinitazama machoni, vilevile alivyowatazama wale wanawake wa visu, akaanza kunisemesha kwa upole, polepole, kama unavyosemesha mtu ambaye hayupo nyumbani. Uso ule wa huruma nauona hata leo nikiwa nasahihisha mitihani, na masikio yananiwaka moto. Nimezeeka, nina wajukuu, na bado yananiwaka.

Maman Nabintu alikuwa akifunga vyombo vyake. Deo alikuwa ameruhusiwa siku iliyotangulia na alipitiliza na rafiki yake kwenye machimbo ya dhahabu Kamituga, hata nyumbani hakupita, na dada yake alibaki tu kukusanya masufuria. Aliacha masufuria. Alinishusha kwenye jiwe kwa mkono mmoja, akanivua bluzi kifungo kimoja kimoja, akaikunja, akaificha chini ya kapu lake. Papa Ciza, muuguzi mkuu, aliuliza swali la lazima.

"Garde-malade wake ni nani?"

"Uvira hapana," nilisema. Hilo nililisema vizuri kabisa, kwa akili timamu. "Musiite Uvira. Baba atakufa kwa haya."

"Niandike nani, basi?"

"Muandike mimi," Maman Nabintu akasema.

"Maman, wewe uko na bwana na batoto kule Miti."

"Bako kwabo, na bamekula. Huyu iko na nani?"

Nikalala kwenye kitanda alichotoka Deo. Dawa zilinifanya mzito wa ulimi; mate yalinitoka, na yeye aliyafuta kwa kona ya kitenge chake. Alinilisha uji, akaniogesha nyuma ya shuka, mimi niliyekuwa nimemwambia juzi kuna mipaka. Akili iliporudi, ilirudi na haya, na haya ilikuwa nzito kuliko ugonjwa. Nilijua kila jina la kitu nilichokuwa nacho. Nilijua kinaandikwaje kwenye karatasi, na kwamba mwanafunzi wa afya ya akili mwenye karatasi ile hatapewa wagonjwa wa kuhoji, hatapewa kazi, hataolewa. Papa Ciza alikuwa mtu mwema. Alimwambia Profesa nina tifoide. Nikamshika Maman Nabintu mkono.

"Maman, usiambie mtu. Hata kwako. Hata bwana yako."

"Sitasema."

"Apa kwa Mungu."

"Nimesema sitasema. Kula."

Siku moja mwanamume mwenye kofia nyeusi alikuja getini kumuulizia. Niliwaona kwa mbali kupitia dirisha la bweni. Yeye aliongea sana kwa mikono, na Maman Nabintu, aliyekuwa na neno juu ya kila kitu, alitikisa kichwa tu. Mwanamume akaondoka akigeuka nyuma. Nilimuuliza alikuwa nani. "Mutu ya kwetu," akajibu, akanipa kijiko. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimejaa nafsi yangu mwenyewe, hapakuwa na nafasi ya kuuliza zaidi.

Nilipotoka, tulitoka pamoja. Pale getini alichukua kisu chake kwa mlinzi kwa mara ya mwisho, akakifunga kwenye kitambaa, akacheka kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde. "Sasa ni kwangu! Bila kuomba mutu!" Akanirudishia bluzi, imefuliwa, imepigwa pasi ya makaa.

Tasnifu niliitetea mwishoni mwa mwaka ule. Ukumbi ulijaa, baba alikuja kutoka Uvira na kanzu mpya. Mmoja wa majaji aliuliza kama nilikutana na garde-malade yeyote asiye ndugu wa mgonjwa. "Hapana, Profesa," nilisema. "Sikukutana na mfano kama huo." Wakanipa alama za juu. Baba akagawa soda kwa watu asiowajua. Usiniambie kwamba ungefanya tofauti. Mimi nimejitetea hivyo mara nyingi, na kila mara najibu kwamba ningeweza kusema ndiyo bila kutaja jina, na dunia isingeanguka.

Sikumtupa Maman Nabintu, hilo najisemea kila ninapotafuta la kunifariji. Nilikwenda Miti kila nilipoweza, na sukari, na sabuni, na picha za watoto wangu. Niliona vitu vidogo pale ambavyo sikuvielewa. Majirani walipita bila kuingia. Mabinti zake walikuja na watoto wachanga mgongoni na kuondoka nao mgongoni, hata wakienda shamba la karibu tu, na bibi amekaa hapo mikono mitupu. Mara moja tulipokuwa tunataka kukata lenga-lenga, mchicha wa kwetu, alisimama mlangoni akamwita mumewe, Papa Mushagalusa, mzee yuleyule wa kofia nyeusi ambaye sasa nilimjua, amletee kisu. Mzee akakileta kutoka chumbani, akasimama kidogo, akampa. Nilidhani ni kwa ajili ya wajukuu, visu vifichwe juu. Nilisifu hata. Nilimwambia Maman, "Mnafanya vizuri, watoto ni watundu." Akanijibu, "Eeh, batoto," akakata majani.

Chini ya turubai, katekista aliomba ushuhuda, na Furaha akasimama wa kwanza. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Alisema mama yake alikuwa mkulima hodari, mcheshi, mwenye mkono mzuri wa sombe. Halafu akanigeukia, machozi yanamtoka.

"Munajua bote, hatutaficha. Wakati tonton Deo alitoka hospitali, maman alibaki kule. Ile ugonjwa ya kichwa ilimurukia. Papa alienda kumutafuta, maman hakuweza ata kujieleza. Ni huyu Docta alimuponya, na hakumuacha mupaka leo. Tulikuwa tunaogopa kidogo kumuachia batoto, ndiyo, batu banasemaka mengi. Lakini maman hakurudilia ata siku moja. Docta, aksanti. Njoo useme."

Watu wakapiga makofi. Wanawake walionishika mkono walikuwa wananitazama kwa upendo, na ndipo nikaelewa walikuwa wananishukuru nini. Sijui nilifikaje mbele. Nilishika ile maikrofoni, na nikiri kwamba kwa kitambo niliona njia rahisi: kusema asanteni, kumwombea marehemu, kurudi kwenye kiti chenye mto. Nimefundisha watu kuhusu haya maisha yangu yote, na miguu ilikuwa inataka kurudi kwenye kiti. Nikatazama jeneza. Aliahidi, akatimiza, akaingia na siri yangu humo.

"Maman hakuugua kamwe," nilisema. "Mgonjwa nilikuwa mimi. Nilishikwa na wazimu, pale uwanjani, mbele ya watu, na sikutaka kwetu wajue. Yeye alibaki kunitunza. Alikuwa garde-malade wangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma alisema "Nyamuzinda!" jina la Mungu kwa Kimashi, na mwingine akamnyamazisha. Furaha alinitazama, halafu akamtazama mtoto aliyebebwa mgongoni na binti yake, akakaa chini palepale kwenye nyasi. Papa Mushagalusa akasimama kwa taabu, kofia mkononi.

"Ile siku nilikuja kwa portail ya hospitali," akasema, "hakukuwa mugonjwa?"

"Hapana, Papa."

"Na juu ya nini hakuniambia?"

"Nilimwomba asiseme. Akaniahidi."

Mzee aliingiza mkono kwenye koti, akatoa ufunguo mdogo, akautazama kiganjani mwake kama kitu alichookota njiani.

"Visu za nyumba yangu ziko mu sanduku," akasema, hakuwa anasema na mimi tena. "Tangu ile mwaka. Kila asubuhi anakuja ananiomba kisu ya kukata mboga. Namutazama kwanza macho, njo namupa."

Akafunga kiganja.

"Ata juzi aliniomba," akasema. "Ata juzi."